Siku Nilipochota Maji Ukweni

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipokwenda Katito kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Akinyi huku mapaja yangu yakiwa magumu kama kuni. Jana yake nilikuwa nimebeba magunia ya omena, wale dagaa wakavu, huko Usenge kutwa nzima, kwa sababu tu wenzangu walikuwa wananishangilia. Sifa ni tamu. Hulipiwa kesho yake.

Rafiki yangu Ouma, aliyenisindikiza, alijifanya daktari. "Dawa ni kujinyoosha, Bwana," akasema. Kabla hatujafika, akaushika mguu wangu, akauvuta kuelekea kichwani. "Samaki mkunje angali mbichi!" Lakini mimi sikuwa mbichi tena, nilikuwa nimeshakauka kama hao omena. Nikapiga ukelele, na suruali niliyoazima kwa kaka yangu ikafumuka mshono wa nyuma.

Ukweni tukapewa viti. Nikashukuru, maana kiti kilificha mshono. Mchungaji wao akahubiri, akahubiri tena. Ndipo mama mkwe akaingia. Kwetu, kijana asiyeinuka kumsalimu mama mkwe amejifukuza mwenyewe. Nikajaribu kuinuka, miguu ikakataa, nikaangukia magoti. Mchungaji akadhani nimeguswa na Roho, akaanza maombi. Nyumba nzima ikapiga magoti, hata baba mkwe mwenye goti bovu. Alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Baada ya amina wote wakasimama. Mimi nikabaki chini.

"Kijana," mama mkwe akauliza, "umeokoka au umeumia?"

"Nimeumia, Mama."

"Na bado umekaa tu! Akinyi, mpe mtungi mdogo. Aende mtoni polepole, miguu ilegee."

Mchumba kuchota maji ukweni! Wanawake wa mtoni walicheka mpaka wakaketi. Akinyi alitembea kando yangu, akiziba mshono wangu kwa leso yake. "Usikimbie, usisimame," akasema. "Tembea tu."

Nisikudanganye, maumivu hayakuisha. Yalinifuata siku kadhaa. Lakini tuliporudi miguu ilikuwa imelegea, nikamsalimu mama mkwe nikiwa nimesimama wima.

"Tumpe," baba mkwe akasema, akilikanda goti lake. "Angalau anajua kuchota maji."

Mwaka huu tumemzika Akinyi. Waombolezaji walipoondoka, nilikaa kitini mpaka mwili mzima ukawa kuni. Asubuhi moja nikachukua mtungi wake, nikaenda mtoni. Nilirudi na maji nusu, lakini nilirudi.

Basi mwanangu, misuli ikiuma baada ya kazi au mpira, usiivute kwa nguvu. Kujinyoosha taratibu si kosa, ila mimi kilichonisaidia ni kutembea. Inuka, shika kazi nyepesi. Mwenda pole hajikwai. Maumivu yakizidi, nenda hospitali, usiende kwa Ouma.

Mungu akupe miguu ya kukufikisha ukweni, na mtu wa kutembea nawe mpaka mtoni.