Jembe Lenye Alama Tatu

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyooa mwenyewe, mwanangu, na mama yako mdogo asisikie. Ni siku niliyokwenda Tandala kumposea baba yako mke. Niliongea vizuri kuliko nilivyowahi kuongea maishani mwangu, na nusura nimkoseshe. Sijakusimulia kwa sababu mtu hapendi kutangaza upumbavu wake. Lakini juzi umekuja hapa kwangu Makambako na simu mkononi, umenuna, unataka niwe hakimu kati yako na rafiki yako.

Wewe unasema Maandiko yametoka kwa Mungu, na ushahidi wako ni picha za mawe: mji umefukuliwa, jina la mfalme limekutwa ukutani, kisima kiko palepale kilipotajwa. Mwenzako anasema kuna hesabu ya miaka mahali fulani haiendi sawa, basi kitabu chote ni maneno ya watu tu. Sasa mmefika mahali hamsalimiani, nyinyi mliokula viazi vya kuchoma kwenye moto mmoja tangu utoto. Nilikunywesha chai nikakwambia nitafikiri. Nimefikiri. Jibu langu lina jembe ndani yake, kwa hiyo tulia.

Wakati ule nilikuwa mwalimu kijana, suruali imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, na mdomo usiojua likizo. Shuleni nilikuwa nimeanzisha mdahalo kila Ijumaa, na nakiri leo kwamba niliuanzisha ili nipate mahali pa kushinda. Baba yako, kaka yangu, alikuwa amempenda Tumaini, binti wa mwinjilisti mstaafu wa Tandala. Walikutana Njombe binti alipokuja kujifunza ushonaji. Alimpenda mpaka akasahau kupalilia mahindi. Babu yako na yule mwinjilisti wakaonana Njombe mara moja, wakazungumza kiutu uzima, wakaelewana kwamba mshenga atatumwa.

Mshenga alikuwa jirani yetu, mzee mwenye adabu zake. Siku mbili kabla ya safari goti lake likavimba, hawezi hata kufika zizini. Na habari zilikuwa zimetufikia kwamba kuna familia ya Ludewa nayo inamtaka Tumaini, na itafika kwao Jumapili. Baba yako alikuwa hali wala halali. Nikasema, nitumeni mimi. Nani angenizidi maneno?

Asubuhi ya safari babu yako alinipa jembe jipya lisilo na mpini, amelifunga kwa kitambaa. Akaniambia nikifika nianze na hilo, maneno baadaye. Kwa desturi ya ukoo wetu upande wa mwanamume hupeleka chuma, na wakwe wakikubali wao ndio hutia mpini. Mimi nikalitazama lile jembe nikaona aibu. Mwalimu mzima nipande lori na jembe mapajani, kama mtu anayekwenda kuchimba kaburi? Babu yako alipogeuka nikalisukuma nyuma ya kihenge cha mahindi, nikaondoka mikono mitupu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa njiani kulivunja langu nikipiga mluzi.

Nilipanda lori lililokuwa likienda Makete kuchukua mbao. Nilifika Tandala kesho yake, siku ya Alhamisi, nimeganda kwa baridi. Mwinjilisti Sanga, ndilo jina lake, alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu na macho ya kucheka. Alinikaribisha kwa kamwene nyingi, ile salamu ya milimani, akanivutia kigoda karibu na moto, nikaletewa chai na viazi vitamu. Tulipokuwa tunasubiri ndugu zake wafike, akaniuliza siku hizi vijana wenye elimu wanayaonaje Maandiko.

Eh, mwanangu! Ni kama kumuuliza mbuzi kama anapenda majani. Nilimwambia yote uliyoniambia wewe juzi, ila mimi sikuwa na picha. Nikataja miji, wafalme, vita na visima. Nikahitimisha kwa sauti ya mdahalo kwamba kitabu kinachosema kweli tupu juu ya mambo yaliyopita hakiwezi kuwa kimetoka kwa mtu, kimetoka kwa Mungu, na asiyekubali ni mbishi tu. Mzee alitikisa kichwa pole pole, akaongeza kuni. Nilidhani nimeshamvuta upande wangu.

Ndugu zake walipokaa, nikatoa posa. Nikasema nimetumwa na fulani wa Makambako. Nikataja jina la babu yake na la babu wa babu yake. Nikaeleza nyumba ya bati iliyo juu ya kijito, miti ya matunda nyuma ya jiko, ng'ombe watano na mmoja wao pembe imevunjika. Sikukosea hata kitu kimoja. Nikanyamaza nikingoja kupongezwa.

"Yote uliyosema ni kweli, Mwalimu," akasema Mwinjilisti. "Mpwa wangu anapeleka viazi Makambako, nilimtuma akatazame, akaniletea habari hizo hizo. Sasa nani amekutuma?"

Nikamrudishia jina la babu yako. Akasema hilo amelisikia, anauliza jembe. Nikababaika, nikasema jembe limebaki nyumbani, lakini si ameridhika kwamba ninaijua ile nyumba yote, mpaka pembe ya ng'ombe?

"Hata mwizi wa ng'ombe anaijua pembe hiyo," akasema. "Tena anaijua kuliko mwenye ng'ombe."

Ndugu zake wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Kumbe mwaka ule kuna kijana alipita kwa jirani yao akajifanya mshenga, akataja ukoo mzima bila kigugumizi, akala kuku wawili, akaaga. Mpaka leo hajulikani alitumwa na nani. Tena babu yako na Mwinjilisti walikuwa wamepatana Njombe: jembe litapigwa alama tatu kwa tindo, na atakayekuja nalo ndiye mdomo wa babu yako. Mimi hata kitambaa sikukifungua. Masikio yaliniwaka moto.

Nikauliza, sasa kwa unyonge, kama kweli zangu zote hazina thamani. Hapo Mwinjilisti akanigeukia vizuri, na maneno yake nimeyabeba mpaka leo.

"Zina thamani, kijana wangu. Ungekosea jina la babu yao, chai ungeinywea nje umesimama. Ukweli wako umekufikisha kwenye kigoda. Umenionyesha kwamba unaijua nyumba, na labda si mwongo. Lakini kuijua nyumba si kutumwa na mwenye nyumba. Na lile Neno ulilokuwa unalitetea, nami nimelihubiri maisha yangu yote, usilitetee kwa njia hii. Mji ukifukuliwa mimi nafurahi sana, maana aliyeandika ameonekana ni shahidi wa kweli. Nani alimtuma, hilo jiwe halisemi."

Nikamuuliza yeye basi alijuaje. Akasema alipomzika mtoto wake wa kwanza hakumuuliza mtu kuhusu mji wowote. Neno lile lilimwinua kitandani, likamrudisha shambani, likamfundisha kumpenda tena jirani aliyekuwa amemchukia. Hiyo ndiyo alama yake. Akaongeza kwamba hawezi kunipa niishike mkononi, wala hanilazimishi niione, ila yeye anaijua.

Halafu akanitoa kwa upole. Watu wa Ludewa wanakuja Jumapili baada ya ibada, akasema, na wakiwa na chao mkononi atawasikiliza wao.

Nililala Tandala, nikarudi Ijumaa alfajiri. Baba yako alinikuta njiani kabla sijafika nyumbani, akaniuliza wamesemaje. Sikuweza kumdanganya. Aliinama, akakwangua tope kwenye kiatu chake kwa muda mrefu, ingawa kiatu kilishatakata. Niliumia kuliko kama angenitukana. Babu yako naye hakugomba. Alikwenda nyuma ya kihenge, akalitoa lile jembe, akaliweka mikononi mwangu, akaingia ndani. Nilitamani anichape.

Jioni ile ile nilipata lori jingine mpaka Njombe, na kesho yake jingine likanipandisha milimani. Mvua ilikuwa imenyesha, tukakwama kwenye tope kabla ya kufika. Nikashuka, nikatia jembe begani, nikatembea. Suruali ya pasi ya mkaa ilikuwa nyekundu mpaka magotini. Watoto njiani waliniuliza nakwenda kulima wapi, nikawaambia nakwenda kulima shemeji, wakacheka wasielewe. Niliingia kwa Mwinjilisti Jumamosi jua lingalipo, sikusema neno. Nikapiga goti, nikafungua kitambaa.

Alipapasa shingo ya jembe kwa kidole gumba: moja, mbili, tatu. Kisha, kwa vile alipenda mchezo, akaniambia nimhesabie tena ng'ombe wa kwetu. Nikasema watano.

"Sita," akasema. "Mpwa wangu amerudi leo kutoka Makambako. Ng'ombe wa pembe iliyovunjika amezaa."

Nilikuwa nyumbani jana tu, lakini kwa aibu sikutupia zizi jicho. Nikajua nimemharibia baba yako mara ya pili. Kumbe mzee anacheka mpaka kofia inamtoka.

"Juzi ulisema yote sawa nikakurudisha," akasema. "Leo umekosea ndama, na ninakupokea. Ungeniambia kwenu hakuna zizi kabisa, hapo jembe hili ningelitazama mara mbili. Lakini ndama mmoja hamfanyi mjumbe kuwa si mjumbe."

Akaita ndani. Tumaini akatoka na mpini aliokuwa amekwisha kuuchonga kaka yake, na Mwinjilisti akautia palepale mbele yetu, akaugonga chini mpaka ukakaa. Watu wa Ludewa walipofika kesho yake walikaribishwa kuku, wakala, wakaaga kwa amani. Na huyo Tumaini ndiye mama yako, kama hukujua aliposwa na mtu mwenye matope.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Zipende hizo picha zako za mawe, usizitupe. Shahidi anayesema kweli kwa yaliyo madogo anastahili kigoda karibu na moto, na anayesema uongo hana haki ya kusikilizwa yaliyo makubwa. Lakini usilibebeshe jiwe mzigo usio wake. Historia sahihi inakwambia mwandishi aliijua nyumba. Haikwambii nani alimtuma. Na rafiki yako mwambie kwa upole habari ya ndama. Nyinyi wawili mnapigana lakini kosa lenu ni moja: mmekaa mnahesabu ng'ombe, hakuna aliyeuliza jembe. Ukiniuliza alama yako wewe ni ipi, sitakujibu. Hiyo ni kati yako na Mwenyewe, nawe huwezi kuiazima kwangu wala kuipata kwa kumshinda mtu kwa maneno.

Ukifika nyumbani angalia nyuma ya mlango wa jiko la mama yako. Lile jembe bado lipo, limelika mpaka limekuwa dogo kama kiganja, na alama mbili zimefutika kwa udongo. Mama yako hajawahi kusema kwamba sasa hana uhakika baba yako alimposa. Mwombe akuazime, umpitie rafiki yako, mkalime pamoja kile kipande cha viazi kilichojaa magugu. Mungu awape mvua ya kiasi na moyo wa kucheka, akulinde na ulimi wako kama alivyonilinda na wangu, na siku utakapotuma mshenga, asiwe mwalimu anayependa mdahalo.