Mama yangu si ng'ombe wa kuvutwa: siku alikwama bafuni Kanyangi

Wakuu, hamjambo nyote, wa bara na wa pwani.

Hii kitu nimekaa nayo tumboni mpaka nimeona ikikaa zaidi itanichoma. Naandika vile ilikuwa. Chumvi sitaongeza, na pilipili sitapunguza.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mukuyuni, Makueni. Mama yangu yuko Kanyangi, upande wa Kitui, kwa boma la marehemu baba.

Mama yangu ni mnene. Nimesema mimi mwenyewe ndio usihangaike kusema kwa comments. Si ati "amejaaliwa," si ati "ana mwili kidogo." Ni mtu mzito sana, magoti yameisha, na ana sukari. Ni yeye pia alipura ndengu za watu kwa jua mpaka nikamaliza form four. Yote mawili ni ukweli.

Siku hiyo tulienda kumwona. Mimi, mtoto mdogo mgongoni, na mume wangu, Baba Mumo.

Baba Mumo hakuingia nyumbani. Kwa wale si Wakamba, nielezee: mwanaume na mama mkwe wake wana nthoni, ile heshima ya kuepukana. Hawakai meza moja, hawashikani mikono, na kumwona mama mkwe akiwa hajavaa sawasawa ni balaa ya ukoo mzima. Kwa hivyo yeye hubaki kwa gate na pikipiki yake, chai anapelekewa huko. Mimi sina shida na hiyo heshima. Shida ilikuja baadaye.

Mama akaenda kuoga, mimi nikaenda shambani kuchuma kunde.

Nikasikia kishindo. Halafu mama akalia, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Sasa, hiyo bafu. Kaka yangu alijengea mama bafu ndani ya nyumba, mwisho wa korido. Wazo zuri. Lakini fundi aliweka mlango mwembamba kama wa banda la kuku, na unafunguka kwa ndani. Hakuna mtu alimwangalia mwenye kuoga akajiuliza huyu akianguka atatokaje. Nyumba zetu tunajengea picha.

Nilipofika kwa korido nilipata uncle, ndugu mdogo wa baba, na majirani wawili. Mama alikuwa ameanguka chali, kichwa upande wa mlango. Mlango umekwama kwa bega lake, umebaki na nafasi ya kupitisha mkono tu. Na ni mkono walikuwa wamepitisha. Wa mama. Wamemshika kwa kiwiko, wanavuta kama watu wanaotoa ng'ombe kwa mtaro.

"Hii sasa inataka winch ya lori," Kilonzo, mmoja wa majirani, anasema, na anacheka.

Yule mwingine alikuwa anachukua video.

Wakuu, mama yangu alikuwa uchi, analia, na mtu anachukua video.

Nilinyakua hiyo simu nikaitumbukiza kwa ndoo ya maji. Anidai. Nikamsukuma Kilonzo mpaka ukutani.

"Wacha mkono wa mama yangu!"

"Tunamsaidia, wewe msichana!"

"Mnamng'oa!"

Kweli bega lilikuwa limetoka. Hilo nilikuja kuambiwa hospitali, lakini hata hapo niliona mkono umelala vibaya.

Nikapiga simu ya ambulensi. Akashika nesi mmoja, jina lake Mwende. Nikamwambia wazi: mgonjwa ni mzito sana, amekwama mahali padogo, usikuje na dereva pekee.

Hakucheka. Akauliza kitu kimoja: "Anapumua vizuri?"

Nikaangalia kwa ile nafasi. Kichwa kilikuwa kimesukumwa na mlango, kidevu kimezama kifuani. Anapumua kama mtu amebanwa na gunia. Midomo imeanza kuwa myeusi.

Mwende akabadilisha sauti. Akasema mtu mzito akikaa hivyo, mwili wake mwenyewe unamfungia pumzi, anaweza kutuacha tukimwangalia. Mlango utoke sasa hivi. Kichwa na mabega vipate kuinuka kidogo. Mikono isiguswe tena.

Uncle akasema, "Lakini huo mlango ni mpya."

Asi!

Nilichukua nyundo na patasi nikavunja mlango upande wa bawaba mwenyewe, mtoto bado mgongoni. Mbao ikapasuka. Mlango ukatoka vipande vipande, nikavitupa kwa korido. Nikamfunika mama na leso mbili na blanketi, nikamwekea mto na nguo zilizokunjwa chini ya mabega. Pumzi ikarudi kidogo. Wale majirani wawili nilikuwa nimeshawafukuza nje.

"Mwaitu," nikamwita, ndio kusema mama kwa kwetu. "Uko?"

"Niko. Hao watu wameenda?"

"Wameenda."

"Wasirudi."

Mwende akafika na dereva na kijana mwingine wa kazi. Stretcher haikuingia kwa korido, na hata ingeingia, ilikuwa ya mtu nusu yake. Akaangalia mara moja akauliza, "Mna turubai?"

Ukambani ukose turubai ya kuanikia ndengu? Tukaleta ile kubwa.

Naomba msome hapa polepole, inaweza kuwa mama yako kesho. Alituonyesha kumgeuza kwa ubavu, pamoja, kwa hesabu ya mtu mmoja, ule mkono mbaya umefungwa kifuani na leso. Turubai iliyokunjwa ikasukumwa chini ya mgongo. Akageuzwa upande ule mwingine, turubai ikavutwa ikatokea. Hakuna mtu alimbeba. Hakuna mgongo ulivunjika. Mwende akamwaga sabuni ya maji kwa sakafu ya korido, turubai iteleze.

Ikabaki kuvuta. Na kwa ule mlango anaenea mtu mmoja tu mbele. Dereva akajaribu, kijana mwembamba, akateleza akakaa chini. Yule mwenzake pia. Siku hiyo ilikuwa ya soko, wanaume wenye nguvu hawakuwa nyumbani. Kilonzo alikuwa nje ananuna, na mama alishasema.

Na kwa gate alikuwa amesimama mwanaume ambaye kazi yake ni kubeba magunia ya ndengu soko la Mukuyuni kutoka asubuhi mpaka jioni.

Nikasema, "Naita Baba Mumo."

Uncle akasimama katikati ya korido, mikono ameipanua. "Mkwe? Aingie bafu ya mama mkwe? Wewe umeshikwa na nini? Utalaani watoto wako."

"Watoto wangu watalaaniwa na kukosa nyanya."

"Tungoje wanaume warudi sokoni."

Mwende akasema hakuna kungoja, pumzi inarudi kuwa fupi.

Lakini uncle hakuwa shida kubwa, huyo ningempita. Shida ni mama. Alinishika nguo na ule mkono mzima.

"Ndinda mwanangu. Asiingie. Heri nifie hapa."

Na hakuwa anasema tu. Namjua.

Nilipiga magoti kwa hayo maji ya sabuni. Nikamwambia, "Mwaitu, umefunikwa mpaka shingo. Mimi sitakuvuta ukikataa. Lakini ukikataa unaniacha, na mimi sijakubali kuachwa."

Akauliza, "Ataniangalia?"

Nikapaza sauti mpaka gate: "Baba Mumo! Mama anauliza kama utamwangalia!"

Sauti yake ikarudi kutoka gate, anaogopa kama mtoto wa shule: "Mwambie nitaingia kinyumenyume."

Wakuu, aliingia kinyumenyume. Mwanaume mzima, ametoa viatu, anapapasa ukuta, anarudi nyuma korido yote huku uso umeangalia gate. Mwende akampa pembe mbili za turubai juu ya mabega, akazishika kifuani kama kamba za gunia. Mabega ya mama yakainuka nazo, vile tu nesi alitaka.

"Sasa enda mbele," Mwende akamwambia. "Polepole. Usigeuke."

"Hata mkinilipa sigeuki."

Mama akacheka. Hapo chini, bega limetoka, akacheka.

Sisi wengine tukasukuma kutoka nyuma. Turubai ikateleza, ikapita kizingiti, ikapita korido, ikatoka kwa jua. Stretcher iliachwa kando. Mama alilazwa kwa godoro, kwa sakafu ya ambulensi, kichwa kimeinuliwa. Alifika hospitali akipumua.

Bega limerudishwa. Anaishi. Mlango wa bafu sasa ni mpana, unafunguka kwa nje, na kuna chuma cha kushikilia.

Lakini uncle aliitisha kikao. Ati mbuzi ichinjwe, nthoni imevunjwa, Baba Mumo atakaswe. Watu wamekaa kwa viti vya plastiki, wale wale waliovuta mkono, wanajadili aibu.

Nilikuwa nimejipanga niwamwagie maneno. Mama akanitangulia, amekaa kwa kiti chake, mkono umening'inizwa kwa shingo.

"Mwili ulioonekana ni wa nani?"

Akajijibu mwenyewe.

"Ni wangu. Kama kuna aibu, ni mimi naidai. Kilonzo nakudai. Huyo wa gate, simdai kitu."

Kikao kikaisha hapo. Mbuzi bado anakula majani.

Kile nimejifunza ni hiki. Kama una mgonjwa mzito nyumbani, enda leo uangalie mlango wa bafu na wa chumba chake. Ukipiga simu, sema uzito wake bila haya. Usivute mtu kwa mkono. Na wa kucheka atoke nje kwanza.

Mwenye ameuguza mtu mzito aseme hapa chini vile alifanya, tusaidiane. Na wewe unayetaka kuniambia nimevunja mila, karibu pia. Anza kwa kuniambia wewe ungevuta nini, mkono au turubai.