Ndege Aliyekula Fungu la Mwalimu

Nianze na miguu yake, maana ndiyo iliyonitoa hamu ya kula kwa siku tatu. Yule ndege mkubwa wa machinjioni, mwenye upara kama uliobabuliwa na moto na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, hujinyea miguuni. Tena makusudi. Jua likimchoma anajimiminia choo chake cheupe, kinakauka, unadhani kavaa soksi za shule. Kisha kwa miguu hiyohiyo anapanda juu ya nyama.

Huyo ndiye niliyemchagua nimpige picha.

Wa kulaumiwa ni mtaalamu mmoja wa picha za wanyama aliyepitia shuleni kwetu Ndama, akiwa njiani kwenda porini. Lenzi yake ilikuwa ndefu kama mchi wa kutwangia. Alitandaza picha zake kwenye meza ya maabara: simba akilamba watoto wake, chui na umande kwenye sharubu. Hata inzi mmoja hakuwemo! Nikadhani porini kunafagiwa.

"Siri ni mbili," alitwambia. "Subira, na kutoingilia. Mnyama akila, mwache ale. Akiliwa, mwache aliwe. Wewe piga picha."

Tulipiga makofi kama wajinga. Alipoondoka, mwalimu wetu wa biolojia, mlezi wa klabu ya wanyama, akatangaza kwamba lori la ushirika litaipeleka klabu mbugani wakati wa likizo na imebaki nafasi moja. Ataipata atakayeleta picha bora ya kiumbe wa porini. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa naota nakimbizwa na nyati. Mnyama wa porini niliyemfahamu mimi ni nyani, na huyo tulifahamiana kwa kugombania mahindi.

Mjomba wangu wa Kamuli alikuwa mpiga picha wa harusi na kipaimara. Nilimwendea kwa shikamoo mbili, moja ya salamu na moja ya kuomba.

"Filamu imebakiza picha tatu," alisema, akinivika kamera shingoni. "Tatu! Ya nne nakupiga wewe, na si kwa kamera."

Ya kwanza nilimpiga kinyonga, baadaye ikaonekana nimepiga jani. Ya pili nilijipiga kidole. Ndipo nikaenda machinjioni.

Sasa ujue desturi ya hapa kwetu. Jumapili ng'ombe huchinjwa alfajiri, nyama inagawanywa mafungu juu ya majani ya migomba. Ukichagua fungu lako unaweka alama juu yake, kitu chako chochote, halafu unakwenda ibadani. Utakaporudi utalikuta. Fungu lenye alama haliguswi, hata na mlevi. Siku ile mama yangu aliweka kitawi cha mbuni, ule mti wa kahawa. Mwalimu wa biolojia akaweka kitambaa chake cha mirabamiraba, kile anachofutia miwani, ambacho shule nzima inakijua.

Kengele ikalia, watu wakaenda kusali. Mchinjaji akabeba utumbo kwenda kuuosha mtoni, mto uleule tunaochota maji, lakini hayo tuyaache.

"We mwenye kamera," aliniita, "niangalizie hawa ndege. Wakisogea, rusha jiwe."

"Sawa, mzee."

Nilijificha nyuma ya mgomba. Harufu, jamani! Samadi ya tumboni, damu inayoanza kuganda, inzi wanaokutulia mdomoni wakitoka huko unakokujua. Nikabana pua kwa kiwiko, jicho kwenye kamera. Akatua mmoja, mkubwa, soksi zake nyeupe kabisa. Akatembea kati ya mafungu kama mkaguzi wa elimu. Akasimama kwenye fungu la mama. Nikarusha jiwe haraka sana.

Akaruka hatua mbili, akatua kwenye kitambaa cha mirabamiraba.

Jiwe la pili lilikuwa mkononi. Nikamkumbuka mtaalamu. Mnyama akila, mwache ale. Nikalidondosha. Ndege akakanyaga kitambaa kwa miguu yote miwili, akavuta kipande cha nyama, kikamponyoka, akakivuta tena, akainua kichwa ili ameze, na mfuko wa shingoni ukatikisika. Nikabonyeza. Alipomaliza akainua mkia akaacha risiti, nusu kwenye kitambaa, nusu kwenye mbavu. Akaondoka.

Ibada ikaisha. Mwalimu akaja akitabasamu, akakikung'uta kitambaa chake bila kukitazama, akafunga nyama kwenye jani. Kulikuwa na jua kali. Akajifuta uso. Mimi huyo nyuma ya mgomba nimeziba mdomo, sijui nacheka au natapika.

Filamu ilikwenda Bukoba kwa basi ikarudi baada ya wiki tatu. Mashindano yalikuwa ya watu wawili tu. Kiranja mkuu alileta picha ya korongo mwenye taji, mbali kiasi kwamba ungedhani ni punje ya kahawa iliyodondoka kwenye nyasi. Yangu ilikuwa kali. Kila unyoya ulionekana, na ule mnofu nusu mdomoni. Darasa zima lilisema "Yuuu!", na mimi nikajiona tayari nimekaa kwenye lori.

Mwalimu alisogea, akaisifu. "Mwanga mzuri. Subira nzuri." Kisha akavua miwani aifute, kitambaa kikiwa mkononi. Akaitazama picha. Akakitazama kitambaa.

"Hii ilikuwa Jumapili ipi?"

"Ile ya jua kali, mwalimu."

"Na nikajifuta uso."

"Mara mbili, mwalimu. Na shingo."

Huko nyuma mtu alianguka kwenye dawati kwa kicheko. Mwalimu hakugeuka.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya mgomba. Mtaalamu alisema tusiingilie."

Akainama tena kwenye picha. Pembeni, chini, kilionekana kitawi cha mbuni juu ya nyama safi isiyoguswa, na jirani yake jiwe.

"Fungu hili la nani?"

Ningeweza kudanganya. Kudanganya ndiyo kazi yangu. Lakini nusu ya darasa walimwona mama akilichukua.

"La mama."

"Na hili jiwe limekujaje?"

 Wenzangu waliacha kucheka, na hicho ndicho kilichonichefua kuliko choo cha ndege: walikuwa wananitazama mimi jinsi mimi nilivyomtazama yule mwenye upara.

"Kumbe unajua kuingilia," alisema mwalimu. Akaandika jina la kiranja.

Lori lilipoondoka Jumamosi nilikuwa barabarani. Alipita mama mmoja wa jirani, akanishika bega akaniuliza polepole kama fungu lake la siku ile nalo liliguswa.

"Hapana, mama," nilisema. "Lako lilikuwa safi."

Alikuwa wa nne kuniuliza, na wote niliwajibu hivyohivyo, ingawa siku ile macho yangu yalikuwa kwenye mafungu mawili tu.