Kaka wa Bi Sabaha

Kwenye kliniki ya jirani na Mnazi Mmoja, mkunga Severa aliitwa Mama Viganja. Mchaga huyu aliyeingia mjini na shuka mbili na hamu ya kujua kila kitu hakumtazama mtoto mchanga popote kabla ya kumkunjua viganja.

Asubuhi moja mlango ulipigwa kumbo. Bi Sabaha, muuza tangawizi wa Kariakoo, aliingia akihema, kidole kimefungwa kitambaa. Nyuma yake alikuja Mboni, mke wa mwanawe, amepakata kichanga, machozi yakimtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Sista. Mtazame mjukuu wangu! Malengelenge matupu! Huu ugonjwa wa zinaa, huyu mkwe kauokota nje. Mwanangu Kitwana akitoka bandarini leo, talaka ipo!"

Severa alikunjua viganja. Safi. Akageuza nyayo. Safi! Basi huenda si kaswende, kwa maana malengelenge ya kaswende ya kuzaliwa nayo hupenda sana hapo. Haya yalizunguka kitovu na kushuka kinenani, laini, yamejaa majimaji ya manjano.

"Nani anamwogesha?"

"Mimi, nani tena?"

"Basi aliyempa nimemjua. Ni kaka!"

Bi Sabaha akaruka. "Si nilisema! Kaka yupi? Mboni, mtaje huyo mwanamume!"

"Kaka huyo hapo, kidoleni mwako!" Severa akafungua kitambaa. Kidole kilikuwa kimevimba, usaha umejaa pembeni mwa ukucha. "Uvimbe huu wa ukucha ndio kaka, na usaha wake ndio unaomwambukiza. Unanawa kwa sabuni?"

Sauti ya Bi Sabaha ikashuka. "Sabuni yenyewe adimu, ya kupangia foleni, Sista. Nilimwekea mtoto."

Daktari alikubaliana na Severa. Damu ya Mboni ilipimwa kuondoa shaka, ikawa safi. Mtoto alilazwa na kuchomwa sindano upesi, kwani wadudu wa usaha ule wakiingia damuni humuua mchanga. Nepi zilichemshwa, hakuna aliyemgusa bila kunawa. Malengelenge yakakauka, na siku mtoto aliponyonya kwa pupa, Severa alipiga kigelegele wodini.

Mboni hakutaka kurudi nyumbani kimyakimya. "Mama, ulinitangaza mtaa mzima."

Bi Sabaha akajifunga khanga kiunoni. Kila baraza aliyoipita aliinua kidole chenye bandeji: "Jamani, mkosaji ndiye huyu! Mkwe wangu safi!"

"Na mdomo je, Bi Sabaha," jirani akapaza sauti, "nao umefungwa bandeji?"

Mboni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuangua kicheko.