Mshona Matanga Hakukwepa

Mshona matanga alikuwa na kinyongo cha mwaka mzima, na tusiwe wepesi wa kumlaumu. Alikilea kwenye cherehani yake kila asubuhi, akiwashonea matanga watu wote wa chama cha mashua pale ziwani, akiwamo shemeji yake, mdogo wa mumewe, yule yule aliyempaka matope.

Kisa kilikuwa hivi. Kwenye mashindano, mashua inayopigwa na upepo ubavu wa kulia ndiyo yenye haki ya njia. Inayopigwa ubavu wa kushoto lazima ipishe. Ukikosea ukamgusa mwenzako, unaizungusha mashua yako mizunguko miwili papo hapo, unaona haya kidogo, unaendelea. Mwaka jana mama huyu, ambaye naye hushindana, alikuwa na upepo wa kulia. Shemeji akaja na wa kushoto, akamgonga, na hakuzunguka hata nusu. Mbele ya kamati akaruka kimanga: eti mwanamke ndiye aliyejigeuza ghafla mbele yake.

Shahidi alikuwa mmoja tu, naye ni mume wa huyo huyo mwanamke. Ndugu hawa wawili hushindana kwenye mashua moja. Mdogo anashika usukani, mkubwa anakaa ubavu unaofichwa na tanga, achungulie nani anakuja. Yeye ndiye macho ya mashua. Kamati ilipomuuliza, akatazama viatu vyake, akasema, "Sikuona."

Hakuona, mtu ambaye kazi yake ni kuona! Mkewe akafutwa kwenye matokeo, akaitwa mwongo hata na wateja wake. Nyumbani akaendelea kumpakulia mumewe chakula bila kulitaja jambo hilo, na mume akadhani yameisha. Wanaume bwana.

Mwaka huu shemeji akaleta kitambaa cha tanga jipya, akataka likatwe lishuke chini kabisa.

"Upande wa tanga hutaona kitu, shemeji," mama akamwonya.

"Macho ninayo," akacheka, akampiga kaka yake begani. "Wewe shona."

Akashona. Mshono ulikuwa safi kuliko wowote aliowahi kuutoa.

Siku ya mashindano shemeji alikuwa anaongoza, kombe analinusa. Karibu na boya la mwisho, mama, peke yake kwenye mashua yake ndogo, akaja na upepo wa kulia. Akaliona tanga alilolishona mwenyewe likimjia, na chini yake kichwa cha mumewe kikichungulia. Macho yao yakakutana. Halafu akamsikia akimwambia mdogo wake, "Endelea tu, ni mke wangu. Atakwepa."

Nafasi ilikuwapo. Angesukuma usukani kidogo tu angepita nyuma yao salama. Lakini aliyameza ya mwaka jana, na haya hayakupita kooni. Mkono wake haukusogea, na pua ya mashua yake ikatoboa ubavu wa ile nyingine. Mume aliruka dakika ya mwisho, akaangukia majini.

Kwa kamati, safari hii mume alisema yote, meno yakigongana kwa baridi: walimwona, walijua haki ni yake, wakategemea atawapisha. Shemeji akafutwa, kombe likamponyoka. Kisha mwenyekiti akamgeukia mama.

"Haki ya njia haikupi ruhusa ya kuvunja mashua ya mwenzako. Ungeweza kukwepa?"

"Ningeweza."

"Basi na wewe tunakufuta."

"Nifuteni," akasema, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Hakuna aliyemwita mwongo.

Nje, mume akamfuata mpaka gatini, nguo zikimchuruzika maji.

"Mke wangu, ungeniua. Nilikuwa nimekaa pale pale ulipogonga."

Mama alikuwa anakunja tanga lake. Akamaliza kulikunja kwanza.

"Najua," akasema. "Mimi nilikuona."