Pengo la Mpwa Wangu

Mimi ndiye fundi rangi bora mtaa mzima, na anayebisha akaangalie kinyozi niliyemchora pale kona: kuna mteja aliwahi kumsalimia. Kwa hiyo ninaposema picha ya ukumbusho ya mpwa wangu ilikuwa uchafu, nasema kitaalamu.

Tulimwita Pengo. Alipokuwa mtoto alipanda paa la karakana yangu na mwavuli wa mama yake, akaruka. Mwavuli ukapinduka, jino la mbele likabaki kwenye pipa la rangi. Akainuka, damu mdomoni: "Mjomba, lakini si nimeruka?" Tangu hapo akawa anapiga mluzi kupitia pengo lile, na kila jioni dada yangu alijua mwanawe amefika kona kabla hajamwona.

Jeshi la anga likamchukua, akawa fundi kwenye ndege za mizigo. Walitaka kumtia jino la bandia, akagoma. "Sasa mama nitamwitaje?" Vita vikaja. Ndege ikadunguliwa ikiwapelekea askari unga, naye yumo. Jeneza lilikuja limepigiliwa misumari na dada hakuruhusiwa kuchungulia. Ndiyo maana aliposikia picha kubwa ya mwanawe itatundikwa kwenye ukumbi wa jeshi, alinishika mkono. "Kaka, nitamwona tena."

Siku yenyewe wakubwa walijaa na vitambi vyao, soda baridi mezani. Mama wa marehemu wakamweka nyuma, karibu na mlango wa choo. Msemaji akatangaza kwamba kijana alikufa akitabasamu. Alimwona wapi, mnafiki yule? Pazia likavutwa.

Meno yote! Yamepangwa meupe kama vigae vya bafuni.

"Kaka," dada akaninong'oneza, "huyu nani?"

Nikamwendea ofisa wa sherehe. "Tumemsafisha kidogo, mzee," akasema huku akichokonoa nyama kwenye meno. "Shujaa hawezi kuwa kibogoyo."

"Kibogoyo babako!"

Wamechukua kijana mzima, halafu wanamnyima mama yake hata tundu la jino!

Mimi siendi popote bila brashi. Nikatoka nje, nikatoa kikopo cha rangi nyeusi kwenye kikapu cha baiskeli yangu, nikarudi, nikapanda juu ya meza. Chupa zikawabiringikia wakubwa mapajani.

"We mzee, shuka!"

"Tulia wewe, nakumalizia kazi iliyokushinda!"

Pigo moja tu la brashi. Askari walinivuta shati likachanika, lakini nilipogeuka nilimwona dada ameshafika mbele, anaitazama picha, mkono kiunoni kama zamani mlangoni pake.

"Leo umechelewa, mwanangu," akaiambia.

Juzi wametuma mtu na tambara na tapentaini alifute pengo. Amesugua mpaka kwapa likalowa, nalo pengo lipo vilevile. Si nilishawaambia mimi ni nani?