Kipande cha Kwanza cha Mkate

Mimi nina mdomo. Wanangu watakwambia hivyo, tena kwa Kiingereza, maana nawauliza kwa Kiswahili na wao wananijibu kwa Kiingereza. Na mdomo huo ndio nilioingia nao kwenye nyumba ya mzee mmoja Grand Prairie, Texas, nilipokuwa nikitunza wagonjwa majumbani.

Mzee alikuwa Mbaski, wale watu wa milimani baina ya Uhispania na Ufaransa. Alikuja Amerika kijana mbichi kuchunga kondoo Nevada, kwenye milima mitupu, miezi mizima bila kuona binadamu. Bintiye aliniambia kuna miti huko yenye magome meupe, na wachungaji wa Kibaski waliichonga majina yao kwa visu, ijulikane kwamba mtu alipita. Usahaulifu ulipomwingia, binti akamleta Texas akae naye. Kiingereza kikamtoka chote, kikabaki Kibaski, na binti hakufunzwa hata neno. Basi mzee akisema Kibaski, mimi namjibu Kiswahili cha Mombasa, na siku zinakwenda.

Tatizo lilikuwa kula. Nesi alishasema wazi kwamba mzee akiendelea kukataa chakula, itabidi apelekwe nyumba ya wazee. Binti hakutaka kusikia. Alimwahidi babake kwamba atafia kitandani kwake. Akaniomba niandike kwenye daftari kila siku amekula nini, maana yeye alikuwa kazini Fort Worth tangu alfajiri hadi mzee amelala.

Kila asubuhi nikimwekea mayai na mkate, mzee anapiga mluzi, kisha anamega kipande na kukiangusha sakafuni. Mluzi ndani ya nyumba! Kwetu ukifanya hivyo unayaita mashetani yaje yakae. Na mkate chini, astaghfirullah! Nilikulia kwenye nyumba ambayo tonge likianguka unaliokota, unalibusu, unaliweka pahali pa juu.

"Mzee wangu, wacha mluzi! Na riziki ya Mungu haitupwi, ala!"

Naokota, nabusu, naweka kando. Ananitazama, anachungulia chini ya meza, kisha anaisukuma sahani. Nikimpelekea kijiko, anafumba mdomo. Jamani, nilibembeleza! Nilimwimbia hata nyimbo za kulaza watoto. Wapi!

Nikaandika kwenye daftari: anatupa chakula, anakataa kula. Kesho yake tena hivyo hivyo. Miezi minne, maneno yaleyale, kwa mwandiko mzuri.

Wakamhamisha. Hakumaliza mwezi huko.

Nilikwenda kumpa binti pole. Akanitolea picha ya zamani: kijana mwembamba amechutama mbele ya hema, mkate mkubwa wa duara magotini, na mbwa mbele yake anangoja. Binti akacheka huku machozi yanamtoka.

"Huyu ndiye aliyekuwa mwenzake kule," akasema. "Baba hakula kabla ya mbwa wake. Anampigia mluzi, anampa kipande cha kwanza, ndipo anakula yeye. Ndiyo ada ya wachungaji wa Kibaski."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Miezi minne mzee alikuwa akimlisha mbwa wake kwanza, nami nikimnyang'anya mbwa riziki yake na kumfokea mwenyewe juu yake. Wallahi niliona haya. Babangu mimi, Mombasa, hakugusa samaki mpaka paka apewe kichwa. Nilikuwa nalijua jambo lile tangu utotoni, na halikunijia akilini hata siku moja.

Nikafungua mdomo nimwambie. Mdomo wangu huu usiokosa la kusema. Lakini yeye akanikumbatia kabla sijaanza, akanishukuru kwa lile daftari. Akasema akilala na majuto ya kuvunja ahadi yake, hulifungua akalisoma, akaona kwamba hapakuwa na njia nyingine, babake mwenyewe alikuwa amekataa kula.

"Pole, dada," nikamwambia. Sikusema zaidi. Daftari bado analo.